Shangazi, niuze kwa bei gani? Maswali ya wakulima wa Hay Day kutoka Tanga

Tangu shule zifungwe, maswali mengi yanayonifikia ni ya Hay Day, lile gemu la shamba la kampuni ya Supercell ya Finland, lililotoka mwaka 2012. Vijana wanalima, mama zao wanalima, na wote wanakwama mahali pamoja: kibanda cha barabarani, pale mchezaji anapowauzia wachezaji wenzake. Nimechagua maswali machache yanayobeba na ya wengine.

*Shikamoo shangazi. Nipo Chumbageni, nimeanza kucheza juzi. Nikiweka ngano kibandani inatokea bei yenyewe. Ndiyo bei sahihi?*

Marahaba mwanangu. Hiyo ni bei ya kuanzia tu, iko chini ya kikomo. Bonyeza alama ya kujumlisha mpaka ikatae kupanda. Ngano 10 mwisho wake ni sarafu 36, mahindi 10 ni 72, soya 10 ni 108, miwa 10 ni 144. Juu ya hapo gemu halikuruhusu, hata shehena yako iwe ya mwisho duniani.

Tena uza kwa fungu la 10. Ngano moja mwisho wake ni sarafu 3, lakini 10 ni 36, si 30, kwa sababu ukiuza mojamoja gemu linakata ile sehemu ndogo iliyozidi. Kwenye ngano ni sarafu chache, ila mchezaji anayeanza anazihitaji hizohizo.

*Shangazi, ngano zangu nimeziweka kwa 36 tangu jana, hakuna anayegusa. Makasha yote ya kibanda yamejaa. Nimekosea nini? – Msomaji, Makorora*

Bei yako ni halali. Tatizo ni kwamba ngano inaiva kwa dakika 2, na ukipanda moja unavuna mbili. Nani atatoka shambani kwake kufuata kitu anachoweza kukivuna kabla hajafika kwako? Wapo wanaoishiwa ghafla, na hao watanunua, ila ni wa kusubiriwa.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo wengi wanapopoteza sarafu. Muuza nyanya wa Mgandini anashusha bei jioni kwa sababu kesho fungu lile litakuwa limelainika. Ngano yako haiozi. Ungeweza kuiacha mwezi mzima. Kinachoharibika ni kasha: kila saa linapokaliwa na ngano ya sarafu 36 isiyotoka, ndani yake ingeweza kuwa imeuzwa krimu ya sarafu 504. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei jiulize kwanza ni kitu gani ulichonacho kichache, makasha, nafasi ya ghala, au muda wako wa kushika simu. Bei inafuata hapo.

Ndiyo maana utakutana na watu wanaouza ngano 10 kwa sarafu 1. Hawajachanganyikiwa. Kila unapovuna, mara mojamoja shamba linakupa vifaa vya kupanulia ghala, linalotunza bidhaa, au silo, inayotunza mazao. Wao wanavuna mfululizo kutafuta vifaa hivyo, na ngano kwao ni mzigo wa kuondoa silo isijae. Ukiwa nawe uko kwenye kazi hiyo, uza kwa 1 bila kusikitika. Kama huna kazi hiyo, usiweke ngano kibandani kabisa ila kasha likiwa halina kingine.

Na amua mapema, kwa sababu bei ukishaiweka huibadilishi. Kukiondoa kitu kibandani kunakugharimu almasi, ile pesa adimu ya gemu, na almasi moja ni ghali kuliko fungu lolote la ngano.

*Mdogo wangu, hujambo? Mimi nina ng'ombe wawili wa kweli hapa Mikanjuni, na mwanangu kanifundisha hawa wa kwenye simu. Niuze maziwa, krimu, siagi au jibini? Kila mtu ananiambia lake.*

Shikamoo dada. Umeuliza swali zuri kuliko yote, na mji wenyewe ni wa maziwa, kwa hiyo nitalikalia.

Tuanze na bei za mwisho za fungu la 10: maziwa 324, krimu 504, siagi 828, jibini 1,224. Anayetazama hapo tu atakwambia jibini. Lakini tazama kinachoingia. Krimu inakula maziwa 1 na dakika 20 za mashine. Siagi inakula maziwa 2 na nusu saa. Jibini linakula maziwa 3 na saa nzima. Maziwa 1 ungeyauza kwa sarafu 32 na kitu, basi krimu inakuongezea kama sarafu 18 juu ya maziwa yake, siagi nayo 18, jibini 25.

Sasa weka mashine yako kwa saa moja. Krimu zitatoka 3, umeongeza 54. Siagi 2, umeongeza 36. Jibini 1, umeongeza 25. Au lihesabu kwa maziwa: maziwa 3 yakiwa krimu yanakupa kama sarafu 151, yakiwa jibini yanakupa 122. Ukiangalia mashine, krimu inashinda. Ukiangalia maziwa, krimu inashinda tena.

Mbona basi wachezaji wakubwa wanajaza jibini? Kwa sababu ya kasha. Maziwa 30 yakiwa krimu yanakalia makasha 3 ya kibanda na nafasi 30 za ghala. Maziwa hayohayo yakiwa jibini yanakalia kasha 1 na nafasi 10. Mwenye ghala dogo na anayefungua simu mara mbili kwa siku anabanwa na kasha na ghala kabla hajabanwa na mashine. Huyo jibini linamfaa. Na usiku ukilala, foleni ya krimu inakwisha mapema, mashine inakaa bure mpaka asubuhi. Foleni ya jibini inadumu mara tatu ya hiyo.

Ushauri wangu kwako dada: mchana, ukiwa nyumbani na simu mkononi, tengeneza krimu. Ukienda kulala, pakia jibini. Siagi mimi naitengeneza ikiagizwa tu. Maziwa mabichi usiyauze isipokuwa mashine imejaa na ghala limejaa, vyote viwili.

Hesabu hiyohiyo inakwenda kwenye miwa. Hapa nataja bei ya kimoja kimoja, si ya fungu. Sukari ya kahawia inakula muwa 1 na dakika 20, inauzwa 32. Sukari nyeupe inakula miwa 2 na dakika 40, inauzwa 50. Shira inakula miwa 4 na saa moja na nusu, inauzwa 90. Ukae nayo uipige mwenyewe, utaona ya kahawia inashinda kwa mashine na shira inashinda kwa kasha.

Ila usiuze kila kitu. Lori na meli zitakuja kuagiza, na zinalipa sarafu pamoja na pointi za kukupandisha levo. Kibanda hakikupi pointi hata moja. Bakiza jibini chache kila wakati.

*Tangazo la kwenye gazeti la gemu lina faida, au ni urembo tu? – Msomaji, Pangani*

Lina faida kubwa, maana kwenye gazeti ndiko wachezaji wengine wanakoona unachouza, na la bure unaliweka kila baada ya dakika 5. Tangaza kitu ambacho mtu atakuja mbio kukifuata. Akifika anaona kibanda kizima, na ile sukari uliyoiweka pembeni kwa bei ya mwisho ataichukua kwa sababu ameshafika. Usipoteze tangazo kwa ngano.

*Nina bolti 2, msumari 1 na skrubu 1. Kila nikiziweka zinanunuliwa papo hapo. Niendelee? – Kijana wa Duga*

Acha leo hii, mwanangu. Kitu kinachotoka papo hapo kwa bei ya mwisho maana yake thamani yake iko juu ya kikomo, na kikomo ndicho kinachomfaidisha mnunuzi. Bolti, ubao na mkanda wa gundi ndivyo vinavyopanua ghala. Msumari, skrubu na paneli ya mbao vinapanua silo. Upanuzi wa kwanza unataka kimoja kimoja tu na unakutoa kwenye nafasi 50 mpaka 75. Kila upanuzi unaofuata unataka zaidi. Vya silo unakosa paneli tu, na wewe umeshaanza kuuza! Sarafu za bolti utazipata kwa mikate. Bolti huitengenezi kwenye mashine yoyote.

*Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anauza sarafu za gemu, unamtumia hela kwa simu. Ni salama? – Mzazi, Ngamiani*

Usimtumie, na mwanao asimtumie. Kanuni za Supercell zinakataza kuuziana sarafu na akaunti kwa pesa halisi, na akaunti inaweza kufungwa. Lakini tazama pia kama anachoahidi kinawezekana. Hakuna mahali pa kumtumia mwenzako sarafu. Njia pekee angeweza kukununulia bidhaa, na kikomo cha bei kinamzuia kukulipa zaidi ya 36 kwa ngano 10. Sasa sarafu hizo laki atazipitishia wapi? Atakachofanya ni kumwomba mtoto amruhusu kuingia kwenye akaunti ya mtoto, na hapo ameshakuibia shamba na fedha zako. Mweleze mwanao hesabu hiyo kwa upole. Akiielewa hatahitaji kukatazwa.

*Nilimwekea rafiki yangu siagi 10 kwa sarafu 10 apate kumaliza meli. Akaingia mtu mwingine akanunua, kisha nikaikuta kwake kwa 828. Nina haki ya kulalamika?*

Roho imekuuma na naielewa, ila yule hakuvunja kanuni. Bei uliyoiandika ulimwandikia kila anayepita. Kusaidiana ni jambo jema sana katika gemu hili, basi mlifanye kwa mpango: kubalianeni saa, rafiki awe ameshasimama kwenye shamba lako, ndipo uweke siagi, na usiweke tangazo. Kama intaneti yake inasuasua siku hiyo, weka kwa 828 na yeye akuuzie mahindi yake kwa bei ya mwisho kidogokidogo mpaka mtakapokuwa sawa. Mtachelewa, lakini hakuna mpita njia atakayeona sababu ya kuwahi.