Alichoondoka nacho Alan Wilder

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama katika bendi ya muziki wa kielektroniki, ambamo karibu sauti zote hutolewa na mashine, yupo mwanachama ambaye kuondoka kwake kunaweza kubadili muziki wenyewe, au kama mashine zikibaki na jina likabaki basi bendi nayo imebaki. Jibu langu ni kwamba kuondoka kwa mtu mmoja hubadili mengi, na mara nyingi pengo kubwa huachwa na yule ambaye mashabiki hawakuwa wakimtazama, kama Alan Wilder wa bendi ya Depeche Mode.

Naelewa shaka hiyo inatoka wapi. Hapa Dodoma hakuna anayebisha kwamba zeze la marehemu Hukwe Zawose lilikuwa la mkono wake, kwa kuwa upinde ulionekana ukipita kwenye nyuzi na sauti yake ikipanda juu yake. Hali kadhalika, Mbaraka Mwinshehe alipohama Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, wapenzi wa dansi walijua wanafuata gitaa lipi. Kwa kinanda cha umeme mambo ni tofauti: msikilizaji humwona mtu amesimama nyuma ya meza akibonyeza, naye hudhani kwamba yeyote mwingine angebonyeza papo hapo na kingetoka kitu kilekile.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kurekodi kwaya katika studio ndogo huku Nkuhungu, ambako kinanda ni kimoja na wapigaji ni wengi. Yupo anayechukua mdundo kama ulivyotoka kiwandani, akaongeza sauti ya filimbi, na wimbo wa Pasaka ukatoka ukifanana na wa msiba. Yupo mwingine ambaye, kwa kinanda hichohicho, huzima matoazi, hupunguza mwendo kidogo na kuiacha besi itangulie peke yake kabla sauti ya kwanza haijaingia, na wanakwaya hujikuta wanaimba kwa utulivu ambao mwalimu wao alikuwa akiwadai tangu mazoezini. Kazi ya mtu huyo ni kuamua, na kuamua hakuonekani jukwaani.

Bendi inayoonyesha jambo hili waziwazi ni Depeche Mode, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa Basildon, Uingereza. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1981, ilitungwa kwa sehemu kubwa na Vince Clarke, kijana aliyependa nyimbo fupi, nyepesi na za kuchezeka. Mwaka huohuo akaondoka, akaunda Yazoo pamoja na Alison Moyet, na baadaye Erasure pamoja na Andy Bell. Wepesi ule ukamfuata kote alikokwenda. Utunzi ulibaki mikononi mwa mwenzake katika bendi, Martin Gore, ambaye nyimbo zake zilizidi kuwa nzito na za majonzi. Kama mashine ndizo zingekuwa bendi, badiliko hilo lisingetokea, maana vyombo walivyotumia kabla na baada ya Clarke havikutofautiana sana.

Lakini aliyenifanya niandike barua hii ni Alan Wilder. Alijiunga mwaka 1982 baada ya kujibu tangazo gazetini, akiwa amesomea piano kwa mtindo wa wanamuziki wa klasiki, na kwa kadiri miaka ilivyokwenda akawa ndiye anayekesha studio kupanga tabaka za sauti wakati wenzake wamekwisha kwenda zao. Mfano unaotajwa mara nyingi, nami naona unastahili kutajwa, ni wimbo wa «Enjoy the Silence» wa mwaka 1990. Gore aliuleta ukiwa wimbo wa taratibu, sauti yake na kinanda cha upepo tu. Wilder, akiungwa mkono na mtayarishaji Flood, alitaka uongezewe mwendo na upewe mdundo wa kuchezeka. Mtunzi mwenyewe hakupendezwa mwanzoni, kisha akakubali na kuuongezea ile nakshi ya gitaa ambayo leo kila shabiki anaweza kuivumisha. Maneno ni ya Gore, na anayeyaimba ni Dave Gahan. Hata hivyo, wimbo ambao dunia inaujua haungekuwapo kama mpangaji angenyamaza.

Mwaka 1995 Wilder alitangaza kuondoka, akieleza kwamba mgawanyo wa kazi haukuwa wa haki na kwamba mchango wake haukuthaminiwa ipasavyo. Bendi iliendelea, albamu ya mwaka 1997 ilitengenezwa na Tim Simenon, na zilizofuata zikapitia mikono ya watayarishaji wengine. Zimo nyimbo nzuri. Kwa sikio langu, hata hivyo, zile tabaka zinazofunguka polepole, ambazo kila ukirudia kusikiliza unagundua kitu kilichokuwa kimejificha nyuma, zilipungua.

Kuna pia Andy Fletcher, mwanachama mwingine wa Depeche Mode, ambaye watu walimfanyia mzaha kwamba kinanda chake hakikuunganishwa na umeme. Yeye ndiye aliyeshughulikia hesabu na biashara katika miaka ambayo bendi haikuwa na meneja, na ndiye aliyesimama katikati Gore na Gahan walipovutana. Alifariki Mei 2022. Siwezi kumwonyesha katika noti yoyote, lakini bendi iliyovunjika haitoi albamu ya kumi.

Upande wa Kraftwerk, bendi ya kielektroniki ya Düsseldorf, Ujerumani, huenda ndio uliowatatiza waandaaji wa swali, kwani hao walijiita mashine kwa makusudi na hata kuweka sanamu za roboti jukwaani badala yao. Ralf Hütter ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wanne wanaokumbukwa zaidi. Wolfgang Flür na Karl Bartos waliondoka zamani, na Florian Schneider aliondoka mwaka 2008, akafariki mwaka 2020. Maonyesho yanaendelea na kumbi zinajaa. Lakini kati ya 1974 na 1981 walitoa albamu tano, na tangu Bartos aondoke mwaka 1990 imetoka moja tu yenye nyimbo mpya, ya mwaka 2003. Sidai kwamba sababu ni Bartos pekee. Nasema jina limeweza kusafiri bila wao, utunzi haukuweza.

Hoja yangu ina mpaka, nao ni mwimbaji, ambaye hakuna mpangaji awezaye kuziba nafasi yake. Mwaka 2012 Clarke na Gore, waliokuwa hawajafanya kazi pamoja tangu 1981, walitoa albamu ya tekno isiyo na maneno kwa jina la VCMG. Watunzi wakuu wawili wa Depeche Mode, wa mwanzo na wa baadaye, wamo humo na mashine zao, na bado sijakutana na dakika moja ambayo ningeidhania kuwa ya bendi ile: hayumo Gahan wa kuimba, wala Wilder wa kuwapangia.