Kutoka Texas kwenda California, unafuata OSHA ipi?

Kaka umeuliza ukihama saiti za Texas ukaenda kujenga California unafuata sheria ya usalama kazini ya shirikisho (serikali kuu ya Marekani, inayosimamiwa na shirika la OSHA) au ya jimbo. Ya jimbo bana. Sheria ya shirikisho ya usalama kazini ya 1970 inaruhusu jimbo kuwa na mpango wake mradi usiwe dhaifu kuliko wa shirikisho, ukiwa mkali zaidi ruksa. Texas hawana wa kwao ndo maana mkaguzi uliyemzoea ni wa OSHA ya shirikisho, California wana Cal/OSHA, shirika la jimbo lenyewe, na kwenye joto ndo utaona tofauti, bosi lazima akupe maji na likizidi nyuzi 80 za Fahrenheit kivuli kiwepo tayari, sio ujibanze chini ya lori. Malalamiko peleka Cal/OSHA. Ukifukuzwa kisa umelalamika wahi, kwa OSHA ya shirikisho mwisho wa kushtaki kufukuzwa huko ni siku 30.