Kufuga kuku ukiwa na ajira: tenga pesa ya chakula kwanza

Mwalimu mmoja wa Mbale, hapa Uganda, ameniandikia. Ana banda la kuku wa nyama nyuma ya nyumba, ameanza na kuacha mara kadhaa, na sasa anaamini hana moyo wa biashara. Mwalimu, moyo unao. Kinachokuangusha ni pesa ya chakula kutotengwa mapema, pamoja na kalenda isiyopatana na kazi yako.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuku wa nyama hula takriban kilo 3.5 za chakula ili afike kilo 2 katika wiki 6. Kuku 50 ni kilo 175. Wengi hununua vifaranga kwa mshahara wa mwezi huu, wakitegemea ujao ulete chakula cha kumalizia. Mshahara ukichelewa, kipimo kinapunguzwa, kuku wanadumaa, na wiki ya 6 mnunuzi anawainua mkononi na kuwarudisha chini. Usiagize kifaranga hata kimoja kabla pesa ya kilo zote 175 haijakaa mahali pake.

Chakula chenyewe nunua kwa awamu mbili, maana mahindi yaliyosagwa yakikaa penye unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Pesa iweke kwenye laini ya simu isiyoguswa kwa mambo ya nyumbani, na umlipe mwenye duka kwa simu hiyo hiyo. Ukitoa taslimu unakatwa kodi ya asilimia 0.5, ada ya kutolea mbali.

Halafu kuna karo. Mihula yetu hufunguliwa karibu na Februari, mwisho wa Mei na Septemba, na mtaji wa kuku umekwisha kulipa karo nyingi sana Uganda hii huku mabanda yakibaki matupu. Ndugu zangu, pesa ya chakula si akiba ya nyumba! Karo itoke kwenye faida ya kundi lililokwisha kuuzwa. Faida isipotosha, afadhali ukakope SACCO kuliko kuwanyima chakula kuku wa wiki ya 4.

Sasa kalenda. Pokea vifaranga siku ya Jumamosi. Chanjo ya ugonjwa wa kideri (Newcastle) kwa kawaida hutolewa siku ya 7, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, na kideri tena siku ya 21. Zote zitaangukia Jumamosi, hata siku ya 42 ya kuuza. Mganga wa mifugo wa eneo lako akikupa ratiba nyingine, fuata yake. Chanjo ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Wanyime kuku maji kwa muda wa saa moja au mbili, kisha ichanganye na maji ya mvua au kisima, kwa sababu klorini ya bomba huiua. Waimalize ndani ya saa 2.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye kazi, na mwalimu anaweza kuziweka ndani ya likizo. Joto lianzie nyuzi 32 hadi 34. Vifaranga wakirundikana wana baridi; wakikimbilia pembeni wakihema wamezidiwa na joto. Umeme hukatika, kwa hiyo sigiri iwe tayari. Iwashie nje mpaka moshi uishe, na juu ya banda acha pa kupitishia hewa, la sivyo gesi ya mkaa itawaua wote usiku mmoja. Maranda yakilowa yabadilishe siku hiyo hiyo, hasa kuanzia wiki ya 3, maana koksidia, vimelea vinavyoharisha kuku damu, hupenda unyevu.

Baada ya kuuza, osha banda, paka chokaa, uliache wazi wiki 2. Wiki 6 na 2 ni 8: hilo ndilo zunguko lako. Likae kwenye kuku 50 mpaka uzoee. Kuku 200 wa pupa huishia kwenye madeni.

Wanunuzi watafute wiki ya 4, kuku wakiwa bado wanakua. Wenye vibanda vya chipsi, mahoteli madogo na wenzako wa kazini waandike kwenye daftari, idadi na siku, na uchukue malipo ya awali. Kuku 50 waliokomaa hula zaidi ya kilo 8 kwa siku, kwa hiyo mteja anayekuambia "njoo wiki ijayo" anakula faida yako. Nafasi yake mpe aliyelipa.