Maswali mengi, majibu ya neno moja: nini kinawafunga wanafunzi midomo katika somo la Kifaransa

SWALI

Salamu mwalimu. Ninafundisha Kifaransa mwaka wa 7 wa elimu ya msingi hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Nina wanafunzi 60, watatu kwa benchi moja. Ninauliza maswali tangu mwanzo wa somo mpaka mwisho, lakini majibu ni neno moja ao mawili, na mara nyingi darasa zima linajibu kwa pamoja. Inspekta alipopita aliandika kwamba niulize maswali ya wazi. Nikajaribu: « Que pensez-vous de la pêche ? », yaani mnafikiri nini kuhusu uvuvi. Wote kimya. Nikarudia kwa namna tatu, kimya tu, mwishowe nikajibu mwenyewe. Shida ni maswali yangu, ni Kifaransa chao, ao ni wingi wao?

JIBU

Ndugu mwalimu, yote matatu yamo. Lakini kuna jambo la nne ambalo hukulitaja, na ndilo unaloweza kuligusa kesho asubuhi bila kungoja vitabu wala darasa dogo: yale unayofanya katika sekunde chache baada ya swali, na mara tu baada ya jibu. Inspekta hakukosea, ila ushauri wake umeishia katikati ya njia. Swali la wazi likitupwa katika darasa ambalo mengine yote yamebaki kama zamani, huzaa kimya kilekile ulichokipata.

Tuangalie kwa karibu kipande cha somo, cha aina inayosikika karibu kila siku. Wanasoma matini kuhusu mvuvi wa Ziwa Kivu.

Mwalimu: Où travaille le pêcheur ?
Darasa: Au lac !
Mwalimu: Très bien, le pêcheur travaille au lac. Quand part-il ?
Mwanafunzi: La nuit.
Mwalimu: Oui, il part la nuit. Il part la… ?
Darasa: Nuit !

Hesabu maneno ya wanafunzi: ni matano, na hakuna kitenzi hata kimoja. Sentensi zinazoeleza kazi ya mvuvi, « le pêcheur travaille au lac » na « il part la nuit », zote mbili zimetoka kinywani mwa mwalimu. Kazi ambayo mtoto alipaswa kuifanya, yaani kutafuta kiima, kunyambua kitenzi na kuweka maneno mahali pake, mwalimu amemfanyia. Mtoto akishaona hivyo mara mia katika muhula, anajifunza kwamba kumtupia mwalimu neno moja kunatosha. Sentensi itakuja yenyewe.

Mwendo huu wa hatua tatu (mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anapima jibu) ulielezwa na Sinclair na Coulthard huko Uingereza mwaka 1975, na Mehan akauona Marekani mwaka 1979. Si ugonjwa wa Bukavu. Wala hauna ubaya wenyewe kwa wenyewe. Unafaa sana kwa kukumbusha somo la jana au kuhakikisha kwamba matini imesomwa. Ubaya unaingia pale hatua ya tatu inapokuwa « très bien » kila mara, kwa sababu « très bien » inafunga mlango: jibu limepokewa, hakuna aliye na sababu ya kuongeza neno.

Sasa, aina ya swali. Wataalamu hutenganisha swali la kupima, ambalo mwalimu analijua jibu lake, na swali la kutafuta, ambalo jibu liko kwa mwanafunzi. Mwaka 1983 Michael Long na Charlene Sato walilinganisha walimu wa Kiingereza cha lugha ya pili na watu wanaozungumza na wageni nje ya darasa. Darasani maswali ya kupima yalijaa. Nje ya darasa karibu hayakuwepo. Mwaka 1986 Cynthia Brock, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alichukua walimu 4 na kuwafundisha wawili kati yao kuuliza maswali ya kutafuta. Wanafunzi wa hao wawili walitoa majibu marefu zaidi, yenye muundo mzito zaidi. Ushauri wa inspekta wako unatoka katika ukoo huo wa utafiti.

Lakini wanafunzi wa Brock walikuwa watu wazima wa chuo, wachache, wenye maneno tayari. Tena kuna mtego: « Tu as combien de frères ? » ni swali la kutafuta kabisa, na jibu lake ni « quatre ». Kinyume chake, « Explique comment on répare un filet » laweza kuwa swali la kupima na likahitaji sentensi tano. Kwa hiyo, unapoandika swali katika fishi yako ya kuandalia somo, lipitishe katika chujio mbili zaidi. Je, neno moja linatosha kulijibu? Kama ndiyo, libadilishe ao ulihamishe kwenye rappel, pale mwanzo wa somo unapokumbusha ya jana. Je, wana maneno ya kulijibia? Kama hawana, swali ni zuri lakini halijaiva.

Hapo ndipo « Que pensez-vous de la pêche ? » ilipoanguka. Ni pana mno: mtoto hajui kama unataka habari ya bei, ya hatari ya ziwa, ao ya samaki. Hana « à mon avis », hana « parce que » iliyo tayari ulimini. Na angepaswa kusimama peke yake mbele ya wenzake 59 watakaocheka akikosea. Kunyamaza ni uamuzi wa akili. Halafu ukarudia kwa namna tatu. Sijui maneno uliyotumia, lakini kwa kawaida marudio huteremka hivi: « C'est bien, la pêche ? C'est un bon métier ? Oui ou non ? » Kila marudio yanapunguza swali, mpaka linakuwa la ndiyo ao hapana. Wanafunzi wanaujua mteremko huo vizuri: wakingoja kidogo, swali gumu litageuka jepesi lenyewe. Uliza mara moja, liandike kwenye tablo, kisha nyamaza.

Kuhusu kunyamaza, Mary Budd Rowe alipima masomo ya sayansi huko Marekani na kutangaza matokeo mwaka 1974: walimu walingoja kwa wastani sekunde 1 hivi kabla ya kumwita mwingine ao kujibu wenyewe. Walipofikisha sekunde 3 ao zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea waliongezeka, na « sijui » zikapungua. Wale watoto walikuwa wakijibu kwa lugha ya darasa lao la kila siku. Watoto wako wanatafuta wazo kwa Kiswahili ao Mashi, kisha wanalivalisha Kifaransa. Wape sekunde 5 kwa swali la kawaida. Kwa swali zito kimya cha sekunde 20 kinageuka hofu, kwa hiyo usingoje bure: wape dakika 1 waandike sentensi moja kwenye kaye, ao dakika 2 waongee na jirani. Rowe alionyesha pia kungoja kwa pili, baada ya jibu. Hicho ndicho kigumu zaidi kwa walimu, na kwa maoni yangu ndicho chenye faida kubwa. Mtoto akisema « la nuit », mtazame, itikia kwa kichwa, hesabu tatu kimoyomoyo. Mara nyingi ataongeza mwenyewe.

Rudi sasa kwa mvuvi wetu, swali limebadilishwa na mwendo umebadilishwa. Kwenye tablo kuna « parce que… » na maneno mawili, « la lampe » na « attirer ». Wameongea benchi kwa benchi dakika 2.

Mwalimu: Le pêcheur part la nuit. Pourquoi pas le matin ?
Mwanafunzi: Parce que la nuit… les sambaza vient à la lampe.
Mwalimu: Les sambaza… ?
Mwanafunzi: Viennent. Les sambaza viennent à la lampe.
Mwalimu: Et quand il y a la lune ?
Mwanafunzi wa pili: Quand il y a la lune, la lampe n'attire pas bien.

Swali la mwezi mwalimu hakulitoa kwenye kitabu. Watoto wa wavuvi wanajua kwamba mbalamwezi inapunguza nguvu ya taa inayovuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na kwa dakika hiyo wao ndio wenye elimu. Swali la namna hii halihitaji kuwa la falsafa. Linahitaji kugusa kitu wanachokijua kuliko kitabu.

Angalia pia kosa la « vient ». Mwalimu hakulirekebisha, wala hakulipita. Alirudisha mwanzo wa sentensi kwa sauti ya kuuliza, akasimama. Lyster na Ranta, mwaka 1997, walichunguza madarasa ya msingi karibu na Montréal ambako watoto wa Kiingereza walisoma kwa Kifaransa. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, na njia hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wajisahihishe kwa uchache zaidi. Sababu ni rahisi: mtoto anasikia mwalimu akikubaliana naye, hasikii kwamba kuna kosa. Njia ya kumrudishia aitafute mwenyewe inafanya kazi kama umbo analo mahali fulani kichwani. Kama hajawahi kufundishwa « viennent », usimtese. Mpe, arudie, endeleeni. Na katika jibu refu chagua kosa moja tu. Ukishika matatu, kesho atakuletea neno moja salama.

Wingi wa darasa ni kweli, na hesabu yake ni kali. Chukua dakika 30 za mazungumzo. Ukisema 20, zinabaki 10, yaani sekunde 600 kwa watu 60: sekunde 10 kila mmoja. Hakuna swali litakaloponya hesabu hiyo. Benchi la watatu likipewa dakika 6, kila mtoto anapata dakika 2. Waache waandae kwa Kiswahili kama wazo ni gumu (sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yenyewe inazikubali lugha za taifa kama lugha za kufundishia), lakini waambie mapema: ripoti ni kwa Kifaransa, na nitamwita yeyote kati ya watatu. Neno « yeyote » ndilo linalofanya wote wafanye kazi. Uliza kwanza, ngoja, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 59 wamekwenda likizo. Vikaratasi vyenye majina ndani ya kopo vinazuia kuwaita walewale wanne wa mbele.

Jibu la pamoja usilifute kabisa. Kwa matamshi ni zuri. Kwa maswali linaficha: Keith Chick alieleza madarasa ya KwaZulu, Afrika Kusini, ambako majibu ya pamoja yalimwokoa mwalimu na mwanafunzi wote wawili wasiaibike, huku hakuna aliyejua nani ameelewa. « Vous avez compris ? » inafanya vilevile. Iondoe, sema « Redis à ton voisin ce que fait le pêcheur », kisha pita katikati ya mabenchi usikilize.

Pa kuanzia: usibadilishe yote wiki moja. Kwa ruhusa ya prefe, mkuu wa shule, weka simu mfukoni irekodi dakika 10 za somo. Nyumbani andika dakika 3 tu, neno kwa neno, uhesabu mambo matatu: maneno katika kila jibu, sekunde unazongoja, na mara ngapi umerudia jibu la mwanafunzi. Hiyo ya tatu ndiyo uiondoe kwanza, kwa majuma mawili, kwa sababu haihitaji matayarisho yoyote. Walimu husema wanarudia ili wa nyuma wasikie. Basi hama: anayejibu akiwa kushoto mbele, wewe simama kulia nyuma. Ataongeza sauti ili akufikie, na darasa zima liko katikati yenu. Asiposikika, mwombe mwanafunzi mwingine aseme tena wazo lile. Majuma yanayofuata ongeza kungoja. Maswali mapya yaje ya mwisho, mawili tu kwa somo.

Kwa fishi, ili inspekta aone: acha maswali 3 ya kupima kwenye rappel, weka yale mawili mazito kwenye analyse, sehemu ya kuchambua matini, pamoja na maneno utakayoandika tabloni, na mahali pa jibu usiandike jibu moja, andika mawili ao matatu yanayowezekana. Ukiandika moja, utalitafuta hilo tu, na mtoto atakayeleta lingine zuri utamkatiza bila kujua. Mzazi ao mwanafunzi akiuliza maongezi haya yana faida gani na mitihani ina maswali ya kuchagua, mkumbushe kwamba Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, ina dissertation (insha) pia, na aliyezoea kusema « parce que » na « par contre » tangu mwaka wa 7 hatayatafuta siku ile kwa mara ya kwanza.