Mfereji Mmoja, Mitaa Mitatu: Nani Aanze Kuzibua?

Assalaam aleykum wahariri. Mfereji wetu unapita mitaa mitatu kabla ya kuingia baharini. Kila mtaa una kikundi chake cha usafi na kila kikundi kina Jumamosi yake. Tunazibua, jasho linatutoka, na mwezi hauishi tope limerudi palepale. Sasa wa juu wanatulaumu sisi wa chini, na sisi tunawalaumu wao. Kosa liko wapi? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

Waaleykum salaam ndugu yetu. Kosa liko kwenye ratiba, wala si la mtaa wowote. Kikundi cha juu kikitangulia, tope kililolilegeza husombwa na maji na kutua kwa wenzao wa chini, kwa sababu huko mteremko ni mdogo na maji hupoteza kasi. Wa chini nao wakizibua peke yao, lile la juu linasubiri mvua tu. Vikundi vyote vitatu viingie kazini siku moja, au siku tatu mfululizo, mkianzia mdomo wa baharini na kupanda juu.

Siku yenyewe waulizeni wavuvi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya kwetu hupwa mbali mnamo saa nne asubuhi. Mkiingia saa moja maji yanatoka mbele yenu, na mdomo wa mfereji unabaki wazi mpaka karibu na adhuhuri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa hizohizo ndipo yamejaa. Mtachota tope ndani ya maji, na kila beleshi mtakaloinua nusu yake itamwagika humohumo.

Kinachowashinda wengi ni wingi wa tope, kwa kuwa hakuna aliyelipima. Chukueni fimbo, mpime kina kila baada ya mita 20. Tuseme mfereji una upana wa sentimita 60, tope lina kina cha sentimita 30, na urefu wote ni mita 400. Hizo ni mita za ujazo 72. Mtu asiyezoea kazi hiyo hutoa kama mita moja ya ujazo kwa asubuhi, basi mnahitaji watu 72 kwa asubuhi moja au 24 kwa asubuhi tatu. Tope bichi lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo; lori la tani 7 litakwenda safari 16 au 17.

Lori likikosekana, ahirisheni. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu hapa ndipo nguvu za watu zinapopotea: tope lililorundikwa ukingoni hurudi mferejini na mvua ya kwanza, na mwezi unaofuata hakuna anayejitokeza tena. Ikibidi lilale, liwe mita moja kutoka ukingoni na lisizidi siku mbili. Msilipeleke kwenye bustani za mchicha, maana mifereji ya mjini hupokea na maji ya vyoo. Buti za mpira na glovu si anasa. Humo mna vigae vya chupa na hata sindano.

Mkiwa mnapanda, angalieni vivuko vya mbele ya maduka na nyumba. Mara nyingi mwenye nyumba hulaza bomba la inchi 6 kisha hufukia juu yake. Mfereji wa sentimita 60 kwa 60 una nafasi karibu mara 20 ya bomba hilo. Chupa mbili za plastiki na mfuko mmoja vinatosha kuliziba, na nyumba zote za juu yake zitaogelea. Badala yake wekeni vipande vya zege vinavyofunuka: urefu sentimita 90 ili vikalie kingo sentimita 15 kila upande, upana 40, unene 8. Nondo za milimita 10 zilale upande wa chini wa zege, mchanganyiko uwe moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kipande kimoja hakifiki kilo 75, watu wawili wanakiinua. Ni kwa waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda. Gari linataka zege nene zaidi, na hilo lipimwe na fundi anayejua.

Kazi ya vuli ifanyike Septemba, ya masika iishe kabla Februari haijatoka.

Tumekubaliana kuchanga mitaa miwili pamoja kwa kazi ya mfereji, lakini kila upande unataka fedha zikae kwa mtu wake. Tufanyeje? – Msomaji, Ngamiani

Zisikae kwa mtu. Wala zisipitie simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Akiugua au akisafiri kazi inasimama na maneno yanaanza. Sajilini kikundi kimoja cha pamoja kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mtahitaji katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, hapa kwenu kutoka mitaa yote miwili. Kisha fungueni akaunti kwa jina la kikundi, kila mtaa utoe watia saini wawili, na fedha zisitoke mpaka asaini angalau mmoja wa kila upande.

Baada ya kila kazi, ndani ya siku saba, bandikeni mapato, matumizi na risiti kwenye mbao za ofisi zote mbili. Makubaliano yaandikwe pia, kwani viongozi wa mitaa huchaguliwa kila miaka 5, wa mwisho Novemba 2024, na mwenyekiti mpya hafungwi na maneno ya mdomo ya aliyemtangulia.

Mfereji wetu umebomoka kingo, si wa kuzibua tu. Barua tumpelekee nani? – Msomaji, Makorora

Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, ni TARURA, wakala ulioanza kazi 2017 kwa barabara za mijini na vijijini. Ukiwa wa barabara kuu, ni TANROADS. Uzoaji wa taka ni wa Halmashauri ya Jiji. Nakala mpeni diwani, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wenu wa mitaa ni wajumbe wake. Ombi la mitaa mitatu lenye muhtasari wa kila mkutano, picha na vipimo vya sehemu iliyobomoka halirudishwi kirahisi kama la mtaa mmoja.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi nyuma. Barua ifike kabla ya Novemba. Mkiipeleka masika, mafuriko yakiwa mlangoni, jibu litakuwa mwaka ujao.