Tangazo ni la Google, dhima ni yako: sheria za kujua kabla ya kuweka AdSense

Kubandika msimbo wa AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo, kila anayefungua ukurasa wako anaweza kuwekewa vidakuzi (cookies, faili ndogo za kumtambua na kumfuatilia) na kampuni ambazo hajawahi kuzisikia. Wenye tovuti wengi hudhani kwamba atakayejibu ni Google. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema vingine Julai 2019, katika kesi ya duka la nguo la Ujerumani, Fashion ID, lililokuwa limeweka kitufe cha "Like" cha Facebook. Mwenye tovuti, ilisema, anawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya taarifa za msomaji na kuzituma, hata kama yeye mwenyewe hazioni. Msimbo wa matangazo nao hukusanya na kutuma vilevile.

Utauliza blogu ya mapishi ya Morogoro inahusiana nini na Ulaya. Wanasheria wanaweza kubishana kutwa kama GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu 25 Mei 2018, inaifikia blogu hiyo. Ubishi huo hautakusaidia, maana mkataba wako na Google umeshakufunga. Tangu 16 Januari 2024, anayeonyesha matangazo ya Google kwa msomaji aliye Uingereza au katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya lazima atumie mfumo wa kuomba ridhaa ulioidhinishwa na Google, unaofuata TCF, utaratibu wa pamoja wa kuomba na kupitisha ridhaa uliowekwa na IAB Europe, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni. Uswisi iliongezwa 31 Julai 2024. Na blogu ya Kiswahili haikosi msomaji aliye Hamburg au Oslo. Usipoweka mfumo huo, msomaji wa huko ataonyeshwa matangazo yenye mipaka tu (limited ads), yasiyomlenga yeye binafsi, ambayo hulipa kidogo.

Huhitaji kununua kitu. Ndani ya akaunti ya AdSense kuna sehemu iitwayo Privacy & messaging; humo chagua ujumbe wa kanuni za Ulaya, taja tovuti yako, weka kiungo cha sera yako ya faragha, kisha uchapishe. Utaulizwa kama unataka vitufe viwili au vitatu. Chukua vitatu: kubali, kataa, na simamia chaguo. Toleo la vitufe viwili humlazimu msomaji kuingia ndani ndipo akatae, na hilo ndilo lililoigharimu Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 mbele ya mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, katika adhabu zilizotangazwa Januari 2022. Kukubali kulikuwa kubofya mara moja, kukataa kulikuwa safari. Visanduku vilivyokwisha kutiwa tiki navyo havihesabiki kuwa ridhaa. Hilo liliamuliwa katika kesi ya Planet49, Oktoba 2019.

Sasa, mambo huharibikia wapi? Mara nyingi ni kwenye programu-jalizi (plugin) ya WordPress inayotandaza ukanda wa "Tunatumia vidakuzi, SAWA" huku matangazo yakiwa yamekwisha kupakia nyuma yake. Ukanda huo ni pambo. Wapo pia wanaoweka mifumo miwili ya ridhaa kwa pamoja, ikagombana. Programu-jalizi za kuharakisha tovuti nazo hukawiza hati za JavaScript (amri zinazoendesha ukurasa), ujumbe wa ridhaa ukachelewa au usitokee kabisa. Iondoe hati ya ridhaa kwenye orodha ya zinazokawizwa. Kiungo cha chini ya ukurasa kinachomruhusu msomaji kubadili uamuzi wake nacho hufunikwa na tangazo linaloganda chini ya skrini. GDPR inataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa, kwa hiyo kiangalie kwenye simu, si kwenye kompyuta pekee.

Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi hutauona ujumbe huo, kwa kuwa hutokea kulingana na mahali alipo msomaji. Tumia VPN (programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine) yenye seva ya Ujerumani na dirisha la faragha la kivinjari. Kabla hujabofya chochote, fungua zana za wasanidi za kivinjari (developer tools) na utazame vidakuzi: ukikuta __gads, au IDE ya doubleclick.net, matangazo yamekutangulia. Kisha andika __tcfapi('ping', 2, console.log) kwenye konsoli (Console), sehemu ya zana hizo ya kuandikia amri. Ikijibu kwamba haifahamu __tcfapi, mfumo wako wa ridhaa haujapakia.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuzima matangazo yanayomlenga mtu. Hiyo haitoshi. Tangazo lisilomlenga mtu bado linaweza kutumia vidakuzi kuhesabu limeonyeshwa mara ngapi na kuzuia ulaghai, na Maagizo ya ePrivacy ya Umoja wa Ulaya yanadai ridhaa kabla ya kuhifadhi kitu kisicho cha lazima kwenye kifaa cha msomaji, kiwe kinamlenga au hakimlengi.

Sera ya faragha ni sharti la AdSense kwa kila tovuti, popote ilipo. Usinakili ya Kimarekani iliyojaa vifungu vya California. Sheria ya faragha ya jimbo hilo inalenga biashara kubwa kuliko blogu yako. Maneno haya yanatosha kwa sehemu ya matangazo: "Kampuni nyingine, ikiwemo Google, hutumia vidakuzi kukuonyesha matangazo kwa kuzingatia ulivyotembelea tovuti hii na nyinginezo. Unaweza kuzima matangazo yanayokulenga kwenye mipangilio ya matangazo ya Google au aboutads.info." Ongeza majina ya mitandao mingine ya matangazo unayotumia.

Nyumbani nako kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo ambalo msimbo wa matangazo hulifanya kila ukurasa unapofunguka. Kenya, chini ya sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019, kwa kawaida humwachilia kujisajili asiyefikisha mapato ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na mwenye wafanyakazi chini ya 10. Lakini msamaha huo ni wa usajili tu. Masharti mengine yote ya sheria yanabaki, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kilicho kidogo kati ya hivyo.

Lebo nazo zina kanuni. Juu ya kisanduku cha tangazo AdSense inaruhusu "Advertisements" au "Sponsored Links". "Viungo muhimu" au "Soma pia" ni udanganyifu na inaweza kukufungia akaunti. Makala uliyolipwa kuiandika, au kiungo kinachokupa kamisheni, hakimo ndani ya mfumo wa Google, kwa hiyo tamko ni kazi yako. Kwa wasomaji wa Marekani, tume ya biashara ya huko, FTC, inataka litamkwe waziwazi mahali msomaji hawezi kulikosa. Liweke juu ya kiungo cha kwanza, kwa maandishi yenye ukubwa uleule wa makala.