Kiwanda kinatudhamini mradi: tusaini au tusisaini?

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Tuko wanne, wanafunzi wa uhandisi wa mitambo mwaka wa nne, Dar es Salaam. Kiwanda kimoja cha kubangua korosho huko Mtwara kimekubali kudhamini mradi wetu wa mwisho: tukisanifie kikaushio cha korosho zilizokwisha banguliwa. Mwanzo walitaka kilo 200 kwa siku, wiki iliyofuata 500, sasa meneja anataka kiwe cha kuhamishika na kichome maganda ya korosho badala ya kuni. Vifaa tununue wenyewe, wataturudishia. Tena wametuletea karatasi tusaini kwamba kila tutakachobuni ni chao na tusimwonyeshe mtu, ilhali chuo kinataka ripoti iwekwe maktaba. Tumebakiwa na miezi minne. Tufanyeje?
Kiongozi wa kundi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa hekaheka. Karatasi nitaifikia, ila kuna jambo limenitia wasiwasi zaidi: barua yako nzima haina namba ya unyevu. Korosho inaingia na unyevu kiasi gani, itoke na kiasi gani? Kikaushio kinaanzia hapo. Kiini kikishabanguliwa bado kimevaa utandu. Hukaushwa kwenye joto la nyuzi 70 hivi mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 5, utandu unyauke na kuachia. Kikitoka kibichi, wamenyaji watakikwangua kwa kisu na kukijeruhi. Kikipitiliza, kinavunjika mikononi mwao, na korosho iliyovunjika haiuzwi bei ya nzima. Anayewaambia "kilo 500" aseme pia ni za unyevu gani, kwa saa ngapi, na zitakazovunjika zisizidi ngapi katika kila mia.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa mwisho chuoni tulidhaminiwa na shamba moja la mkonge mkoani Tanga, tusanifu pampu ya kupeleka maji kwenye korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge ibaki nyuzi. Tulikwenda kuitazama mara moja tu, siku ya Jumapili, mashine imezimwa. Tukapiga hesabu zetu kwa maji safi. Kumbe jani la mkonge nyuzi zake hazizidi sana asilimia 4, lililobaki ni maji na makapi, na pale walikuwa wakiyarudisha maji yaleyale machafu. Pampu yetu ilizunguka chini ya saa moja, nyuzi zikajisokota kwenye mapanga yake, mota ikaungua. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha majani akachota konzi ya makapi mferejini, akaniwekea kiganjani, akarudi kazini bila kusema neno. Tangu siku ile sichori kitu kabla sijasimama zamu nzima pembeni ya mashine inayofanya kazi.

Kwa hiyo nendeni Mtwara kabla ya kuchora mstari mwingine. Mtafuteni anayegeuza trei. Kwenye vikaushio vya trei, hewa moto haifiki sawa kila mahali, na yeye ndiye anayejua trei ipi inahamishwa saa ngapi, jambo ambalo mara nyingi halimo kwenye daftari la kiwanda. Pimeni joto juu, katikati na chini. Pimeni uzito kabla na baada. Hesabuni vilivyovunjika, kwa mikono, trei kwa trei.

Maganda yanahitaji heshima yake. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi. Moshi wake usiiguse korosho hata kidogo: upite ndani ya mabomba, hewa safi ipate joto kwa nje ya mabomba hayo, na ndiyo hiyo iende kwenye trei. Kulisanifu jiko hilo vizuri, lisizibe kwa masizi, ni kazi ya kutosha miezi minne. Hilo la kuhamishika likataeni kwa adabu.

Yote hayo yaandikeni ukurasa mmoja, wenye namba, usainiwe na mtu mmoja wa kiwandani ambaye ndiye peke yake mtakayemsikiliza. Chuo cha Harvey Mudd, California, kimekuwa na utaratibu wa namna hii tangu 1963, wanauita Clinic: kampuni inalipa ada, kundi la wanafunzi linashughulikia tatizo lake mwaka mzima wa masomo, na kampuni inateua mtu wake wa kuwasiliana nao. Meneja akija na wazo jipya, aende kwa huyo aliyesaini ukurasa wenu.

Vifaa msinunue kwa fedha zenu. Chukueni profoma dukani, yaani ankara ya bei inayotolewa kabla ya malipo, kiwanda kimlipe mwenye duka moja kwa moja. Nimewaona vijana wakidai hela ya mabati mpaka wakahitimu.

Sasa karatasi. Msisaini peke yenu. Mpelekeeni msimamizi, naye aifikishe kwa mwanasheria wa chuo, kwa sababu huenda mnaahidi kitu ambacho chuo nacho kina haki nacho. Siri za kiwanda, kama bei, wateja na kiasi wanachozalisha, ni haki yao zifichwe: ziwekeni kwenye kiambatisho cha msimamizi na watahini tu, ripoti yenyewe iende maktaba. Kuhusu ubunifu, kiwanda kinacholipia chuma na nauli tu hakijanunua akili zenu zote. Pendekezeni kiwe na ruhusa ya kujenga na kutumia vikaushio vingi kitakavyo, na majina yenu yabaki kama wabunifu. Wakitaka umiliki wote, walipe kwa kadiri hiyo. Na mkiona jiko lenu lina jambo jipya kweli, ulizeni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya uvumbuzi wake, kabla ya siku ya maonyesho, kwani upya ndio sharti la kwanza, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa hiyo.

Nauli ya basi ya watu wanne kwenda Mtwara na kurudi, na malazi ya siku tatu, viingizeni kwenye ule ukurasa mmoja.